Seva ya Biashara Ikifa: Namna ya Kuiokoa Data Iliyomo

Zima, chomoa waya ukutani, usiwashe tena mpaka nifike. Hayo ndiyo ninayomwambia mwenye biashara anaponipigia simu kwamba seva yake, yaani kompyuta inayotunza mahesabu ya biashara, imegoma, au imewaka lakini mahesabu hayaonekani, au kuna kitu kinagonga ndani. Wengi huniomba ruhusa ya kujaribu kuiwasha mara moja tu. Nawakatalia. Diski inayogonga mara nyingi ina kichwa cha kusomea kilichoharibika, na kadiri inavyozunguka kichwa hicho huweza kukwangua uso wa sahani ambao ndio wenye maandishi. Uso ukishakwanguliwa, hakuna fundi wa Lamu, wa Nairobi wala wa Ulaya atakayeurudisha.

Nafanya kazi hii Langoni, mjini Lamu. Wateja wangu ni nyumba za wageni za Shela na Mkomani, maduka ya jumla ya Usita wa Mui, maduka ya dawa, na wauza vifaa vya ujenzi ambao mzigo wao wote hufika kwa bahari na kubebwa na punda. Seva zao hazikai kwenye makabati yenye kiyoyozi. Ni mashine moja chini ya meza, diski mbili au nne, na ndani yake mna madeni ya wateja, stoki, mishahara na vyumba vilivyowekwa na wageni wa Maulidi. Data nyingi niliyoiona ikipotea ilipotea katika saa ya kwanza baada ya hitilafu, mikononi mwa mtu mwenye haraka: aliiwasha tena na tena, akakubali kila swali la skrini, mwisho akapakia Windows upya juu yake. Kwa hiyo mwongozo huu naanza kuuandika kwenye saa hiyo ya kwanza.

Saa ya kwanza

Kuna hali moja ambayo sizimi. Ikiwa seva bado inafanya kazi na faili zinafunguka, ila taa ya diski moja imegeuka rangi ya chungwa na RAID (mpangilio unaofanya diski kadhaa kuwa kama moja) inasema imepungukiwa, kuizima ni kamari, kwa sababu diski nyingine za umri uleule huenda zisiamke tena. Hapo nachomeka diski ya nje na kunakili yaliyo muhimu kwanza. Usikimbilie kuchomeka diski mpya na kuanza kuijenga RAID upya. Kazi hiyo husoma kila sekta (kijipande cha hifadhi) ya diski zilizobaki, saa baada ya saa, na hapo ndipo diski ya pili iliyokuwa dhaifu kimyakimya hujitoa. Nakili, kisha ujenge.

Ikiwa imeshazimika, iache hivyo. Kabla ya kuchomoa diski yoyote, piga picha ya seva kwa simu, nyuma na mbele, halafu bandika karatasi juu ya kila diski: nafasi ya 0, ya 1, ya 2, ya 3. Andika pia namba ya kiwandani (serial number) iliyo kwenye lebo yake. Mpangilio wa diski ukipotea, kuunga RAID kunaweza kuchukua siku badala ya dakika.

Kisha kaa na mwenye mali umhoji kwa utaratibu. Watu wanapokuwa na hofu hawasemi yote kwa mara moja.

"Ami, kabla haijagoma kulitokea nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ilizima yenyewe."

"Stima haikukatika?"

"Ilikatika. Ikarudi, ikakatika, ikarudi tena. Baada ya hapo ndiyo haikuwaka."

Hapo nimeshapata nusu ya jibu. Stima inapokatika huacha faili nusu zimeandikwa. Inaporudi kwa mshtuko huunguza vifaa. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Nchi ilipoingia gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kazi zilizonifikia baadaye zilikuwa za namna zote mbili.

Maswali mengine ninayouliza: nani ameigusa tangu igome, na alifanya nini? Bekapu ya mwisho iko wapi, na kuna mtu amewahi kuifungua? Na swali ambalo wengi hawalitarajii: ukirudishiwa kitu kimoja tu leo, ungetaka kipi? Mwenye nyumba ya wageni juma la Maulidi ataka orodha ya vyumba. Mwenye duka la jumla ataka daftari la madeni, kwa sababu stoki anaweza kuihesabu upya lakini deni lisiloandikwa halidaiki. Jibu hilo ndilo linaloniongoza nianzie wapi.

Jua kwanza kilichokufa

Habari njema ni kwamba mara nyingi data haijaguswa. Kilichokufa ni kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine, au bodi kuu, au kumbukumbu (RAM) iliyoshika kutu miguuni. Hewa yetu ina chumvi. Seva inayokaa duka la mbele, Usita wa Pwani, hupata ukungu wa kijani kwenye shaba zake. Nikifungua mashine ya namna hiyo, nachomoa kumbukumbu na nyaya za diski, nasafisha miguu kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, naacha ikauke kabisa. Diski zenyewe siziungi na umeme wa mashine ileile ninayoishuku. Kifaa cha umeme kibovu kinaweza kuziunguza diski nzima zilizobaki.

Badala yake naiunga kila diski, moja moja, kwenye kompyuta yangu ya kazi. Angalia aina ya diski kabla ya kununua kebo: diski za SAS, zilizo nyingi kwenye seva kubwa za Dell na HP, haziingii kwenye kebo ya kawaida ya SATA. Zinahitaji kadi yake.

Kompyuta hiyo naiwasha kwa flashi yenye SystemRescue, mfumo wa Linux wa bure ambao hauzigusi diski mpaka uuamrishe. Windows haifai kwa hatua hii. Ikiona diski isiyoielewa hukuuliza kama iipange upya au iifomati, na mtu aliyechoka hubonyeza "ndiyo". Ikikutokea, jibu ni kughairi, kila mara. Vivyo hivyo na chkdsk ya Windows: programu hiyo ilitengenezwa ili mfumo wa faili ukae sawa, na ili ukae sawa iko tayari kuzikatakata faili zako. Usiiendeshe juu ya diski ya asili.

Diski ikitambulika, Linux huipa jina, tuseme sdb, nami nataka kujua afya yake:

smartctl -a /dev/sdb

Kwenye diski za SATA natazama mistari mitatu: namba 5, sekta zilizohamishwa, namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, na namba 198, sekta zisizosomeka. Zote zikiwa sifuri na diski haina kelele, tatizo lako huenda ni la mfumo wa faili tu. 197 ikiwa na mamia, diski inakufa na muda wako ni mfupi. Na kama diski inagonga, au haizunguki kabisa, au inanuka kuungua, simama hapo hapo uruke mpaka sehemu ya safari, chini.

Neno moja kuhusu bodi ya diski iliyoungua. Vijana huniletea diski nyingine ya modeli ileile wakitaka nihamishe bodi. Zamani sana ilifanya kazi. Diski za sasa zina chipu ndogo kwenye bodi yenye vipimo vya diski hiyo hiyo, vilivyowekwa kiwandani. Bodi ngeni bila chipu ya asili haitazisoma sahani, na inaweza kuziharibu. Chipu yapasa ihamishwe kwa kuchomelewa, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye vifaa na mkono uliozoea. Na wale wa kuweka diski kwenye friji ya barafu, tafadhali msifanye. Ikitoka kwenye friji kwenye joto letu inatoa jasho ndani, na jasho hilo hutua juu ya sahani.

Nakala kwanza, mengine baadaye

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, na ndiyo ninayoiona ikirukwa. Diski ya asili haifanyiwi ukarabati. Inasomwa mara moja, sekta kwa sekta, mpaka iwe na pacha wake, halafu inafungwa kwenye mfuko na kuwekwa. Kila jaribio, kila programu ya kuokoa, kila kosa linalowezekana kutokea, linatokea juu ya nakala. Ukiharibu nakala, unatengeneza nyingine. Ukiharibu asili, umefika mwisho.

Programu ninayotumia ni GNU ddrescue, ya Antonio Díaz Díaz, na ni ya bure. Uzuri wake ni tabia yake. Programu za kawaida za kunakili hukwama kwenye sekta mbovu ya kwanza na kuipigapiga mpaka diski ife. ddrescue huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa urahisi, inaruka mabovu, kisha inarudi kuyadai taratibu. Na inaandika ramani ya ilikofika, ili stima ikikatika katikati uendelee pale pale ulipoachia.

Andaa diski mpya yenye ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Kisha hakikisha ipi ni ipi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya kiwandani ya skrini na ile uliyoiandika kwenye karatasi. Soma kwa sauti. Mwite mtu mwingine asome pia. Ukigeuza chanzo na mwishilio, utaandika utupu juu ya mali ya mtu, na programu haitakuuliza mara mbili. Tuseme diski mgonjwa ni sdb na mpya ni sdc, na flashi ya kuwekea ramani imeshafunguliwa:

ddrescue -d -f -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/ramani.map

Herufi -n humwambia asihangaike na sehemu ngumu kwa sasa. Akimaliza mzunguko huo, ndipo unamrudisha kwa zile zilizobaki, ajaribu mara tatu:

ddrescue -d -f -r3 /dev/sdb /dev/sdc /mnt/flashi/ramani.map

Faili ya ramani ni ileile, na isikae kwenye diski yoyote kati ya hizo mbili. Ukiona anakwama mwanzoni mwa diski, ongeza -R ili asome kutoka mwisho kuja mbele.

Kuhusu muda, mwambie mwenye mali ukweli mapema. Diski nzima ya terabaiti 2 inayosomeka megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa nne. Ukiipitisha kwenye tundu la zamani la USB 2.0, linalopitisha kama megabaiti 35, ni saa kumi na sita. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku. Katika siku hizo utapigiwa simu sana, na utajaribiwa kuharakisha. Usiharakishe. Iweke kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba), elekeza feni kwenye diski inayosomwa (mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imelegea na chumba kimefumba, diski hupata moto hata ikiwa nzima), na uitazame kila baada ya muda. Ikianza kutoa sauti mpya, sitisha kwa Ctrl na C. Ramani itakuwa imehifadhi ulipofika.

SSD, diski za chipu zisizozunguka, ni kisa kingine. Hazina sahani wala kelele; hufa ghafla, mara nyingi bila dalili. Na faili iliyofutwa kwenye SSD iliyo na TRIM kwa kawaida hairudi, kwa sababu diski yenyewe husafisha nafasi hiyo muda mfupi baadaye. Ikiwa aliyefuta amefuta sasa hivi, kuchomoa umeme mara moja ndiyo nafasi pekee uliyo nayo.

RAID: diski iliyokufa mwisho ndiyo yenye siri

Wenye maduka wengi huniambia, "Lakini mashine yangu ina RAID." Wanamaanisha wana bekapu. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika wazo hilo mwaka 1988, walikuwa wakitafuta namna diski nyingi za bei nafuu zishike nafasi ya moja kubwa ya ghali na bado zivumilie kifo cha mojawapo. Kuvumilia kifo cha diski ni jambo jema. Lakini karani akifuta faili, RAID inaifuta kwenye diski zote kwa utii uleule.

RAID 1 ni rahisi kwako: diski mbili zenye maandishi sawa. Nakili ile yenye afya zaidi kati ya zilizokuwa kazini mpaka mwisho. RAID 5 ina diski tatu au zaidi. Data hukatwa vipande na kutawanywa, na kwa kila safu ya vipande huandikwa kipande kimoja cha hesabu kinachozungushwa kwenye diski zote. Diski moja ikikosekana, vilivyobaki na kile cha hesabu hutosha kukirudisha kilichopotea. Mbili zikikosekana, hakuna hesabu itakayosaidia, na hapo ndipo ninapoitwa.

Sikiliza kisa hiki, kwa maana hujirudia. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na seva ya diski tatu. Taa ya diski moja iligeuka rangi ya chungwa miezi mingi nyuma. Ikafunikwa kwa utepe kwa sababu ilimsumbua karani macho. Duka likaendelea kuuza. Siku moja diski ya pili ikafa, seva ikaanguka. Fundi aliyetangulia alizijaribu zote tatu akafurahi: ile ya kwanza iliyojitoa zamani ilikuwa inazunguka vizuri, kimya, inasomeka yote! Akataka kuijenga RAID kwa hiyo na ile nzima. Lau angefanikiwa angepata mchanganyiko wa mahesabu ya zamani na ya sasa, kila faili imechanika, na hesabu za kurudishia zingeandikwa upya juu ya zile sahihi. Diski iliyojitoa zamani imebeba habari zilizopitwa na wakati. Unayoihitaji ni ile iliyokufa jana, hata kama ndiyo mgonjwa zaidi. Tuliinakili hiyo kwa ddrescue, taratibu, tukaiunga nakala yake na nakala ya diski nzima, tukaiacha ya zamani pembeni. Madeni yote yalionekana.

Utaijuaje ya zamani? Kwa RAID ya Linux, na hata masanduku ya kuhifadhia faili ya Synology na QNAP ndani yake ni Linux, uliza kila nakala:

mdadm --examine /dev/sdc1

Tazama tarehe ya mwisho kuandikwa na hesabu ya matukio. Diski zilizokuwa pamoja mpaka mwisho zitakuwa na namba zinazolingana au kukaribiana sana. Iliyoachwa nyuma itaonekana wazi. Kisha ziunge zile sahihi kwa kusoma tu, kwa --assemble pamoja na --readonly. Kuna ushauri unaozunguka wa kutumia --create ili RAID "irudi". Kwa asiyejua mpangilio, ukubwa wa kipande na mahali data inapoanzia, amri hiyo huandika maelezo mapya ya RAID juu ya yale ya zamani na kuvuruga kila kitu. Kama ni lazima ijaribiwe, ijaribiwe juu ya nakala ya nakala.

Seva zenye kadi ya RAID hukuuliza swali zinapowaka zikiona diski kwa mpangilio mgeni: ziingize, au zifute mpangilio huo? Usifute, na usianzishe chochote upya. Mimi huzitoa diski, nazinakili kila moja peke yake, kisha naziunga nakala hizo kwenye kompyuta kwa programu inayosoma RAID bila kadi yake. UFS Explorer na R-Studio hufanya hivyo; ni za kulipia, lakini zote mbili hukuonyesha kama faili zinafunguka kabla hujalipa. Jaribu faili kubwa, picha ya megabaiti kadhaa au waraka mrefu. Mpangilio wa diski ukiwa na kosa, faili ndogo zitafunguka na kubwa zitachanika katikati.

Kuzitoa faili, na hasa hifadhidata

Nakala ikishakuwa tayari, mambo hulegea. Kama kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa kuwekea faili) kimepotea, TestDisk ya Christophe Grenier hukitafuta na kukionyesha, na unaweza kunakili faili kutoka ndani yake bila kuandika chochote. Mfumo wa faili ukiwa umevurugika kabisa, ndugu yake PhotoRec huzitambua faili kwa alama za mwanzo wake. Zitarudi bila majina na bila folda, maelfu kwa maelfu. Itumie mwisho, ukiwa umekosa njia nyingine.

Lakini moyo wa biashara mara nyingi ni hifadhidata, na watu huisahau kwa sababu hawaioni. Programu ya mauzo inaonyesha skrini nzuri. Mauzo yenyewe yako kwenye folda ya MySQL au faili za SQL Server (programu mbili za kutunza hifadhidata) zenye mwisho wa .mdf na .ldf. Ukirudisha programu bila faili hizo umerudisha sahani bila chakula.

Kwa MySQL chukua folda yote ya data, pamoja na ibdata1 na kumbukumbu zake za kuandikia. Faili moja moja ya .ibd peke yake itakusumbua. Weka nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lilelile la MySQL. Ikikataa kuwaka, ongeza innodb_force_recovery kwenye mipangilio, uanze na 1, upande hatua moja moja. Kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo fanya hivyo kwenye nakala ambayo una pacha wake. Mara tu inapowaka, usianze kuitumia: toa kila kitu kwa mysqldump, kisha kiingize kwenye hifadhidata mpya, safi. Kwa SQL Server, amri ya CHECKDB hukuambia kilichovunjika. Chaguo la kukarabati kwa kukubali hasara liwe la mwisho, kwa sababu linafanya linachokisema.

Seva iliyofungwa na wadai fidia

Faili zikiwa na majina mageni mwishoni na kuna barua ya kudai pesa, chomoa waya wa mtandao kwanza, na ukate Wi-Fi, kabla ya yote. Hifadhi barua hiyo na faili chache zilizofungwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, una funguo za bure za aina nyingi za programu hizi. Pakia faili yako uone kama aina yako imo. Tazama pia kama Windows ilibaki na nakala za kivuli (nakala za zamani inazojitunzia yenyewe), kwa amri ya vssadmin list shadows. Sishauri kulipa. Anayelipa hana uhakika wa ufunguo.

Na kama mlikuwa na pasipoti za wageni, namba za simu au rekodi za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye biashara amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuwa data imeingiliwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Wateja wangu wengi hawajui hili. Mwambieni Kamishna mapema, saa hazingoji.

Safari ya diski kuvuka maji

Diski inayogonga, iliyoungua au iliyolowa inahitaji chumba kisicho na vumbi, na Lamu hakuna. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya vumbi ni mlima. Asifungue mtu kifuniko hata kwa kutazama tu.

Ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha sponji pande zote, kisha kasha gumu, kisha mfuko usiopitisha maji, kwa sababu kutoka gati mpaka Mokowe au kiwanja cha ndege cha Manda kuna boti, na wakati wa kusi boti inarusha maji. Mbebaji aipakate. Isiende kwenye buti la basi chini ya magunia. Ikiwa ni diski iliyoanguka baharini, usiikaushe juani wala kwa feni; chumvi ikikauka hugandamana juu ya sahani. Ifunge ikiwa bado na unyevu, ndani ya mfuko uliozibwa, na isafiri siku hiyo hiyo. Waulize maabara kabla hujatuma: wanatoza uchunguzi? Wanatoza wasipofaulu? Watakuonyesha orodha ya faili kabla ya malipo?

Yaliyoko nje ya seva

Diski inapokuwa njiani, usikae bure. Sehemu kubwa ya mahesabu ya biashara iko kwingine. Malipo ya M-PESA yako kwenye taarifa za till au paybill. Benki inayo yake. Ankara zilizopitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, ziko KRA. Wauzaji wa Mombasa wana nakala za walichokuuzia. Uwekaji wa vyumba uko kwenye barua pepe na WhatsApp ya mpokea wageni, na vitabu vya risiti viko kwenye droo. Mkalishe karani na daftari jipya, aanze na madeni makubwa, kwa tarehe. Mzee mmoja wa duka la jumla alipata karibu madeni yake yote kwa njia hii kabla sijamaliza kunakili diski yake, na yale ya diski yalipotoka tukayatumia kusahihishia.

Kukabidhi

Usimkabidhi mtu diski ya nje ukasema "yote yamo". Kaeni pamoja mfungue. Namba ya ankara ya mwisho ni ipi, na inalingana na kitabu cha risiti? Wachague wadaiwa kadhaa anaowajua kwa kichwa, mlinganishe salio. Fungueni faili chache za kila mwaka. Penye sekta zilizopotea, mwandikie wazi ni faili zipi zimeathirika.

Seva isirudi kazini bila bekapu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwetu ninapendekeza hiyo ya nje iwe ng'ambo, kwa ndugu Mombasa au kwenye mtandao. Diski ya USB ya bekapu ichomekwe wakati wa kunakili tu, na kila mwezi ifunguliwe faili moja kutoka humo ionekane inasomeka.

Diski ya asili aiweke mwenyewe, imefungwa na kuandikwa tarehe, mpaka mwaka wa mahesabu ufungwe na mhasibu aridhike. Baada ya hapo itobolewe kwa keekee mpaka kwenye sahani, mwenye mali akishuhudia, kwa kuwa ndani yake bado mna pasipoti za wageni na madeni ya majirani.